Sanduku la Barua: Mbweha yuko karibu, kipimo kimejaa pande zote

Katika toleo lililopita tulieleza mchezo wa kusaka mbweha: mmoja anaficha transmita ndogo (redio inayorusha mawimbi, ndiyo “mbweha”) porini au mtaani, wenzake wanaitafuta kwa miguu wakiwa na redio, antena ya kuelekeza, dira na ramani. Barua zilizofuata zina kilio kimoja. Kutoka mbali tunakwenda vizuri, tukikaribia tunazunguka kama ngamia wa kinu. Kwa hiyo barua yenye kilio hicho tumeitanguliza, na jibu lake ndilo refu kuliko yote.

*Shikamooni wataalamu. Tuko wanne hapa Morogoro, tuna redio za mkononi za Baofeng UV-5R na antena yenye vijiti vilivyokatwa kwenye futi ya chuma ya kupimia. Kutoka kilomita mbili tunapata upande bila shida. Tukifika kama mita 200, vijiti vya kipimo cha mawimbi kwenye kioo cha redio vinajaa huku na huku. Elekeza mbele, vimejaa. Elekeza nyuma, vimejaa. Mara mbili tumempita mbweha tukiwa hatua kumi tu. Tununue redio ghali zaidi? – Msomaji, Morogoro*

Marahaba. Msinunue kitu kwanza. Hesabu ni hii: mahali pa wazi, kila umbali unapopungua kwa nusu, mawimbi yanaongezeka desibeli 6. Kutoka kilomita 2 hadi mita 2 umbali umepungua mara elfu, na mawimbi yamepanda desibeli 60, yaani nguvu mara milioni. Kipimo cha redio yenu hakina nafasi ya kuonyesha tofauti kubwa kiasi hicho. Vijiti vyake hutoka patupu hadi kujaa baada ya mabadiliko madogo tu, na vikishajaa havina habari nyingine ya kukupa. Antena bado inafanya kazi yake. Redio ndiyo imeshiba.

Anzeni kwa kuacha vijiti na kutumia masikio. Katika FM ukubwa wa sauti ya mbweha haubadiliki mawimbi yakipanda au kushuka. Kinachobadilika ni kelele ya “shshsh” iliyo nyuma yake. Wekeni skwelchi, ile inayonyamazisha kelele, kwenye 0 (menyu 0) ili kelele isikike. Zimeni kiokoa betri (menyu 3, SAVE) na kusikiliza masafa mawili (menyu 7, TDR), kwa sababu vyote viwili hukata usikilizaji vipande vipande nanyi mkadhani ni mwelekeo wa antena. Sasa zungusheni antena mkisikiliza upande ambao kelele inatoweka. Hilo peke yake huwasogeza mbele kiasi, hadi kelele nayo iishe pande zote.

Hapo tumieni hila ya pili: hameni masafa. Mbweha akiwa 145.500 MHz, wekeni hatua ya kilohezi 5 na msikilize 145.505, kisha 145.510, kisha 145.515. Mawimbi makali hupenya pembeni mwa chujio la redio, yakiwa yamepungua na sauti yake ikikwaruza. Mkwaruzo huo ndio dalili mnayoitaka. Kila kelele inapoisha tena pande zote, hameni kilohezi 5 zaidi.

Hila ya tatu haitaki kifaa chochote. Ng'oeni antena kubwa, rudisheni ile fupi ya mpira, bandikeni redio kifuani na mzunguke polepole mahali pamoja. Mwili wa mtu una maji mengi na huziba mawimbi ya mita 2, yaani haya ya 145 MHz. Kelele inapozidi kuliko kote, mbweha yuko *mgongoni* kwenu. Wanaoanza hulisahau hili na kukimbilia upande wa mbele, kwa hiyo semeni kwa sauti, “kelele, geuka,” mpaka mzoee.

Kifuani nako kukishiba, tengenezeni bomba. Chukueni bomba au kopo refu la karatasi ngumu ambalo redio inaingia yote na sentimita kadhaa zinabaki juu, mlizungushie foili ya alumini upande wote pamoja na kitako, mdomo ubaki wazi. Ng'oeni hata ile antena fupi, ningʼinizeni redio kwa kamba na kuizamisha. Bomba jembamba kiasi hicho haliruhusu mawimbi ya mita 2 kusafiri ndani yake. Yanakufa njiani, takribani desibeli 30 kwa kila kina kinacholingana na kipenyo cha bomba. Kwa hiyo bomba la sentimita 9 linapunguza desibeli 30 hivi redio ikizama sentimita 9, na 60 ikizama 18. Zamisheni mpaka sauti ya mbweha iwe ukingoni mwa kumezwa na kelele, mtembee hatua tano, msikilize. Kelele ikipungua mnakaribia. Bomba halioneshi upande vizuri, lakini katika mita 30 za mwisho hatua zenyewe zinatosha kuonesha. Kupokea bila antena hakuharibu redio; kurusha bila antena kunaweza kuunguza hatua ya mwisho ya nguvu, kwa hiyo fungeni kitufe cha kurushia.

Wasakaji wengi waliozoea wanatumia kipunguza nguvu cha kuhamisha masafa, na fundi redio yeyote anaweza kukiunga kwa mchana mmoja. Ndani yake mna osileta ya kristali ya 4 MHz (ile ya kopo lenye miguu minne), regyuleta ya 78L05, betri ya volti 9, potenshometa ya kilo-omu 1, kapasita ya 10 nF na dayodi moja ya 1N4148. Antena inaingia upande mmoja wa kisanduku, waya wa redio unatoka upande wa pili, dayodi iko katikati yao. Mawimbi ya 4 MHz yanapochanganyika na ya mbweha kwenye dayodi, nakala ya mbweha inatokea 149.500 na nyingine 141.500. Mnasikiliza moja ya hizo, na potenshometa inaamua nakala iwe na nguvu kiasi gani.

Uzuri wake ni huu. Kipunguza nguvu cha resista kikizidi desibeli 50 au 60, mbweha anaingia kupitia ganda la plastiki la redio na kupita kando ya kifaa chenu chote. Katika 149.500 hakuna kitu hewani. Kinachosikika kimetoka kwenye dayodi tu. Kasoro zake mbili: kisanduku lazima kiwe cha chuma na kifunikwe vizuri, vinginevyo 4 MHz inavuja na kuchanganyika mahali pengine; na redio za bei nafuu kama yenu huziwika zikiwa mita chache kutoka kwa mbweha, kwa kuwa mawimbi yake halisi bado yanazigonga kutoka kilohezi 4,000 pembeni. Zikiziwika, rudini kwenye bomba.

Iko pia njia ya masafa mara tatu, yaani 436.500 kwa mbweha wa 145.500. Transmita nyingi hutoa mabaki hafifu hapo, na mkiyasikia mnajua mko karibu. Msitumie antena ya futi katika masafa hayo: umbo lake la usikivu hupasuka mashina kadhaa na kila shina litawapa jibu lake. Antena fupi na kifua vinatosha.

*Habari za kazi. Nimetengeneza antena ya futi yenye vijiti vitatu kwa vipimo nilivyopewa na rafiki, lakini mita ya SWR (inayoonesha antena na redio zinavyolingana) inaonesha zaidi ya 3. Nimekata na kuunga tena mara nyingi mpaka futi imekwisha. – Msomaji, Mombasa*

Nzuri, ndugu. Umeacha kukata? Basi linganisha na vipimo vinavyotumika sana kwa bendi ya mita 2. Kiakisi, kile cha nyuma, kina milimita 1,051. Kijiti kinacholishwa, kile cha katikati kinachoungwa na waya wa redio, kina vipande viwili vya milimita 451 kila kimoja, na pengo la milimita 25 katikati. Kiongozi cha mbele kina 892. Kutoka kiakisi hadi kijiti kinacholishwa ni 203. Kutoka hapo hadi kiongozi ni 318. Futi iwe ya chuma, ya upana wa milimita 25. (Tumewahi kuulizwa kuhusu futi ya fundi cherehani. Hapana.) Boriti ni bomba la PVC la nusu inchi lenye viungo vya msalaba na T, na vipande vinabanwa kwa klempu za mpira wa maji.

Tunachoshuku ni kwamba umesahau kipini. Ni waya wa milimita 127 uliokunjwa umbo la U lenye upana wa milimita 19 hivi, unaoungwa kati ya vipande viwili vya kijiti kinacholishwa, pale pale koaksi (waya wa kwenda kwenye redio) inapoungwa. Mtu akiuona hudhani ni shoti na kuutoa. Kijiti hicho kimekatwa kifupi makusudi, na kipini ndicho kinachofidia ufupi huo. Bila chenyewe SWR haitashuka hata ukate mpaka kesho. Kosa la pili ni rangi. Futi ina rangi juu na chini, kwa hiyo piga msasa mpaka chuma king'ae, paka risasi kwanza kwenye futi, ndipo uunge. Usiuweke moto muda mrefu, maana PVC inalainika haraka.

Na kwa msakaji, SWR si ugonjwa mkubwa kiasi hicho. Antena hii ni ya kupokea. Kinachokupa upande ni urefu wa kiakisi na kiongozi na nafasi kati yao, kwa hiyo hivyo ndivyo vya kupima mara mbili. Pitisha koaksi kwenye boriti kuelekea nyuma ya kiakisi, uizungushe mizunguko 6 hadi 8 juu ya bomba karibu na kijiti kinacholishwa. Koaksi inayoning'inia nayo hupokea, na huziba lile bonde la ukimya la nyuma unalolihitaji sana.

*Antena ishikwe vijiti vikiwa vimelala au vimesimama? – Msomaji, Bukoba*

Ifuate antena ya mbweha. Katika mashindano ya mita 2 yanayofuata kanuni za kimataifa, mbweha hulaza antena. Watu wa mtaani wanaoficha redio ya mkononi huisimamisha. Usipojua, jaribu zote mbili ukiwa bado mbali na uchukue yenye nguvu. Kukosea kunaweza kukupotezea desibeli 20, na mbaya zaidi, kinachobaki masikioni mwako ni mwangwi wa kuta na miti.

*Tunachora mistari kwenye ramani kutoka sehemu tatu, haikutani. Mara nyingine inakutana katikati ya ziwa. Dira ni mpya. – Kikundi cha wasomaji, Mwanza*

Dira ni mpya, lakini mnaisomea wapi? Antena yenu ni ya chuma na spika ya redio ina sumaku. Dira ikiwekwa juu ya boriti, sindano inafuata futi badala ya kaskazini. Mmoja aelekeze antena na kutazama kitu cha mbali kilicho kwenye mstari wake, mti au mnara. Mwenzake asimame nyuma yake hatua mbili bila redio na apime mti huo kwa dira.

Pili, msisome kilele, yaani pale mawimbi yanapokuwa makali kuliko kote. Kilele cha antena ya vijiti vitatu ni kipana. Unaweza kuizungusha nyuzi 20 usisikie badiliko. Zungusheni kushoto mpaka kelele ianze kusikika, andikeni nyuzi. Zungusheni kulia mpaka kelele ifike kiwango kile kile, andikeni. Mfano 40 na 110: mbweha yuko 75. Hata hivyo msijidai usahihi msionao. Kosa la nyuzi 5 ni mita 87 kwa kila kilomita, kwa hiyo kutoka kilomita 5 ni zaidi ya mita 430. Choreni kabari badala ya mstari, na sehemu mbili za kupimia ziwe zinaangalia mbweha kwa pembe inayokaribia mraba. Mkipima kutoka sehemu mbili zilizo kwenye barabara moja inayoelekea kwa mbweha, kabari hulaliana na hazisemi chochote.

Tofauti ya kaskazini ya dira na ya ramani katika Afrika Mashariki ni nyuzi chache tu, hivyo kwa mchezo wa kilomita 3 inasameheka. Anayesafiri kwenda Afrika Kusini asiisamehe. Sehemu za huko inazidi nyuzi 20.

Ziwa sasa. Mwanza ni mji wa mawe na vilima, na majabali makubwa hurudisha mawimbi. Upande mmoja ukiwa na nguvu lakini sauti inapepesuka mtu akisogea nusu mita, huo ni mwangwi au mchanganyiko wa njia mbili. Pandeni juu, au tokeni kwenye uwazi, mbali na kuta, magari na mabati, mpime tena. Kipimo kimoja cha mlimani kinashinda vitano vya bondeni. Kipimo kinachopingana na vingine vyote msikifute. Kiandikieni alama ya kuuliza, maana wakati mwingine chenyewe ndicho cha kweli na vile vitano vyote vimeusikia ukuta mmoja.

*Niko Dresden kwa masomo, klabu ya hapa inasaka mbweha kwenye mawimbi ya mita 80. Redio yao ina fimbo nyeusi ndani na kitufe. Napata pande mbili, sijui niende wapi. – Msomaji, Ujerumani*

Kijana wetu, hiyo ni fimbo ya feraiti, ndiyo antena yenyewe. Sauti ni kubwa fimbo ikiwa imekatiza njia ya mbweha, na inazimika ncha yake ikimwelekea. Kule kuzimika ni kwembamba na sahihi, lakini fimbo ina ncha mbili na haijui ipi ni ya mbele. Kitufe kinaunganisha antena ya wima. Zikijumlishwa, umbo la usikivu linakuwa kama moyo, lenye upande mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Bonyeza, geuza redio, tambua upande, *kisha achia* na upate mstari sahihi kwa ukimya wa fimbo. Wageni hukimbia kidole kikiwa kwenye kitufe muda wote na kupoteza ule usahihi. Kaa mbali na nyaya za umeme na uzio wa waya, kwa kuwa katika wimbi la mita 80 hivi ndivyo vinavyokudanganya zaidi kuliko vilima.

*Hodi wakubwa. Mimi ni kiongozi wa skauti Moshi, nina vijana 20. Nataka kuwafanyia mashindano Oktoba wakati wa Jambori ya Hewani, skauti wanapokutana kwa redio. Kanuni ni zipi, na je, wanahitaji leseni? – Msomaji, Moshi*

Karibu, kiongozi. Mchezo kamili una mbweha watano kwenye masafa mamoja. Kila mmoja anarusha dakika moja na kunyamaza dakika nne, kwa zamu. Majina yao ya Morse (alfabeti ya nukta na mistari) ni MOE, MOI, MOS, MOH na MO5, na vijana hawahitaji kujua Morse: baada ya “MO” wahesabu nukta tu, moja hadi tano. Katika sehemu ya kumalizia kuna transmita nyingine inayosema “MO” kwenye masafa tofauti. Kanuni za kimataifa zinataka mbweha wa kwanza awe angalau mita 750 kutoka mwanzo, na mbweha wasikaribiane chini ya mita 400. Kwa vijana wapya tungeweka mbweha wawili, na umbali nusu ya huo.

Wanaosikiliza hawarushi kitu. Anayeweka mbweha ndiye anayerusha, naye lazima awe na leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na jina lake la mwito lisikike hewani. Wasomaji wa Kenya waulize Mamlaka ya Mawasiliano, wa Uganda Tume ya Mawasiliano (UCC). Nao wahakikishe pia masharti ya kumiliki redio yenyewe, hata kama ni ya kusikiliza.

Jambo moja ambalo kanuni hazilisemi kwa mkazo tunaoutaka: kisanduku chenye nyaya kilichofichwa kichakani kinatisha watu. Kibandike maandishi makubwa, “REDIO YA MCHEZO WA SKAUTI”, namba ya simu na saa ya kuondolewa. Mjulishe mtendaji wa kijiji na polisi siku kadhaa kabla. Usikifiche karibu na shule, benki, kituo cha basi wala nguzo ya umeme.

*Nimeunganisha Arduino Nano (kompyuta ndogo ya bodi moja) na UV-5R iwe mbweha. Dakika 20 za kwanza inakwenda vizuri, kisha inang'ang'ania kurusha mpaka betri inakwisha. Sauti nayo ni mbaya. – Msomaji, Kampala*

Kinachoing'ang'aniza ni mawimbi yake yenyewe yanayoingia kwenye nyaya na kuichanganya Nano. Toa antena ya mpira, weka antena mbali kwa mita 1 au 2 za koaksi, weka Nano kwenye kopo la bati. Unga kapasita ya 10 nF kati ya waya wa PTT (unaoamuru redio irushe) na grauni karibu kabisa na Nano, na pitisha nyaya za plagi mara tatu au nne ndani ya klipu ya feraiti. PTT hufungwa kwa kuunganisha mwili wa plagi kubwa ya 3.5 na mwili wa plagi ndogo ya 2.5, tumia optokapla kama PC817 ili Nano isigusane na redio.

Sauti mbaya inatokana na volti 5 za Nano kuingia kwenye maiki inayotegemea milivolti chache. Weka resista ya kilo-omu 100 kwenye njia na kilo-omu 1 kwenda grauni, ikifuatiwa na kapasita ya 100 nF.

Kagua pia kikomo cha muda wa kurusha (menyu 9, TOT). Kiweke sekunde 75 na mbweha arushe 55. Siku ikikwama tena, redio itajinyamazisha yenyewe. Nguvu iwe ya chini, wati 1. Kwa mchezo wa kilomita 2 inatosha, na redio haitachemka ndani ya mfuko wa plastiki juani.

*Kuna mtu amekalia kitufe cha kurushia, repita yetu (kituo cha mnarani kinachopokea na kurusha upya) inarusha kimya kitupu tangu asubuhi. Nimefuata mawimbi kwa antena, nikaishia kwenye mnara wa repita. – Msomaji, Nairobi*

Umeipata repita, hujakosea kusaka. Sikiliza masafa ya *kuingilia*. Repita inayotoka 145.600 huingiliwa 145.000, kilohezi 600 chini, na huko ndiko mwenye kitufe aliko. Usipomsikia hapo, zunguka mitaa na majumba marefu mpaka umsikie. Redio ya mkononi iliyobanwa kwenye kiti cha gari haifiki mbali bila msaada wa mnara. Ukimpata na ni maiki iliyokwama, mpigie honi. Ukiona ni mtu anayefanya makusudi, andika mahali, saa na nyuzi za dira, uwapelekee Mamlaka, usibishe hodi mlangoni kwake.